Nusu ya Aya

Mchungaji alikuwa anafunga vifungo vya shati lake, mkewe alipoingia chumbani bila viatu, akamwambia kuwa Cheche amejinyonga.

"Cheche yupi?" aliuliza, ingawa kanisa zima lilikuwa na Cheche mmoja tu.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtoto pekee wa mama fundi cherehani aliyeimba kwaya na kuishonea sare. Jina la Cheche alipewa na wateja, likamganda mpaka mama yake mwenyewe akaacha kumwita lile la ubatizo. Ndiye aliyetengeneza geti la kanisa na nondo za madirisha yote, na alikuwa na mdomo. Siku alipolileta geti alimwambia Mchungaji, "Kazi yetu ni moja. Mimi nachomea vyuma, wewe unachomea watu. Tofauti ni kwamba mimi navaa miwani." Mchungaji alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini miezi ya karibuni utani ule ulikuwa umekauka. Cheche alikaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya baraka, na Mchungaji, aliyeliona hilo, alikuwa akijiambia kwamba atamtafuta.

Alipofika karakana, polisi walikuwa wameshaupeleka mwili mochwari. Watu walijaa mlangoni wakinong'ona. Ndani, kati ya mabomba na fremu za milango ambazo hazijakamilika, mama yake Cheche alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, tepi ya kupimia ikiwa mkononi. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Pole, mama yangu," Mchungaji alisema akachuchumaa mbele yake. "Pole sana."

Mama hakulia. Alimtazama kama anayepima bega la mteja. "Nataka kukuuliza kitu kimoja, Mchungaji, na tafadhali usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtamzika?"

"Tutamzika."

"Makaburini kwetu? Kwa kengele na nyimbo, na wewe umevaa joho?"

"Ndiyo, mama."

Lilimtoka moyoni. Alipofika nje ndipo alipokumbuka kwamba neno hilo halikuwa lake peke yake kulitoa. Nani azikwe katika makaburi ya kanisa, hilo liliamuliwa na baraza la wazee, na baraza la wazee lilikuwa na Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, suruali zake zimenyooshwa hadi ule mkunjo ungeweza kukata mkate. Chini ya uongozi wake paa la kanisa lilikuwa halivuji na hakuna mgonjwa aliyelala hospitali bila kutembelewa. Mara nyingi Mchungaji alifika wodini akakuta Mwenyekiti ameshasali na kuondoka. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa rahisi.

Baraza lilikutana adhuhuri ile katika ofisi ndogo nyuma ya madhabahu, chini ya feni iliyokuwa inalia kama mlango wenye kutu. Mwenyekiti aliomba sala fupi, akafungua Torati, akasoma kwa sauti ya darasani kwamba mtu aliyetundikwa mtini amelaaniwa na Mungu. Kisha akaifunga Biblia, akaweka kiganja juu yake.

"Sikuandika mimi," alisema. "Yule mama nampenda, na jeneza la mwanawe nitalinunua mimi. Chakula cha msiba tutapeleka. Lakini kengele hapana. Joho hapana. Makaburi ya manispaa yapo."

"Mzee wangu," alisema mmoja wa wazee, mama aliyekuwa muuguzi zamani, "kijana yule alikuwa anaumwa. Macho yake tu yalikuwa yanasema."

"Aya hii haiulizi alikuwa anaumwa nini."

Wote wakamgeukia Mchungaji. Alikuwa ameisoma aya ile chuoni, amefanya hata mtihani juu yake, lakini sasa kichwa kilikuwa kitupu kama sahani iliyooshwa. Aliomba wampe mpaka kesho.

"Chukua," Mwenyekiti alisema. "Lakini lete neno, Mchungaji, usilete machozi. Ukileta neno nitalisikiliza."

Nyumbani Mchungaji alitandaza vitabu vyake kwenye meza ya kulia. Upande wa pili mkewe alikuwa anachambua mchele. Haikupita muda akapiga meza kwa kalamu.

"Nimeipata. Aya inamhusu mhalifu aliyehukumiwa na mahakama, akauawa, kisha maiti yake ikatundikwa ili watu waone. Cheche hakuhukumiwa na mtu. Kwa hiyo haimhusu."

Mkewe alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa. "Hiyo ni hoja ya wakili, baba watoto. Inaweza kushinda kesi. Lakini yule mama akikosa usingizi, itamfaa nini? Ajue kwamba mwanawe ameponea kwenye kifungu?"

Ilimuudhi, kwa sababu ilikuwa kweli. Tena kulikuwa na tatizo lingine ambalo hakumwambia mkewe. Mtume Paulo aliishika aya hiyohiyo wala hakuikwepa. Aliwaandikia Wagalatia kwamba Kristo alitukomboa na laana kwa kufanyika laana kwa ajili yetu, akatoa ushahidi wake papo hapo: amelaaniwa kila aangikwaye mtini. Mtu aliyeamini maneno hayo hangeweza kuitoa aya ile nje kwa mlango wa uani.

Lakini aliogopa pia. Alikuwa amewaona wahubiri ambao kila aya mikononi mwao husema kile ambacho waliolipia viti vya mbele wanataka kusikia. Je, na yeye hakuwa anataka kuipinda, kwa sababu tu ya mwanamke aliyekaa juu ya ndoo ya rangi? Alisukuma vitabu vya wafafanuzi pembeni, akaivuta Biblia, akaanza kusoma kwa sauti tangu juu, taratibu, kama mtoto anayejifunza.

Alipofika mwisho alirudisha kidole juu. Akarudia.

Siku zote alikuwa akiisikia aya ile ikianzia katikati. Laana haikuwa imesimama peke yake, ilikuwa imekaa ndani ya amri. Na amri yenyewe ilisema hivi: usiiache maiti yake mtini mpaka asubuhi, lazima umzike siku hiyohiyo. Mzike, kwa maana aliyetundikwa amelaaniwa. Laana haikutajwa kama sababu ya kumnyima mtu kaburi. Ilitajwa kama sababu ya kuharakisha kumpa. Hata yule ambaye taifa zima limemhukumu na kumuua, Mungu hakutaka jua lizame akiwa bado ananing'inia machoni pa watu.

Kisha akaikumbuka Ijumaa ile ya msalaba. Kwa nini haraka yote ile ya kumshusha Yesu kabla ya jioni? Kwa nini mtu mwenye heshima zake aende kwa liwali kuomba maiti ya aliyehukumiwa? Walikuwa watu wa Torati. Waliijua sheria hii.

"Mke wangu," alisema polepole. "Aya tunayoitumia kumnyima mtu kaburi ndiyo iliyompatia Yesu kaburi."

Mikono ya mkewe ilisimama ndani ya mchele. "Rudia."

Akarudia.

"Hiyo sasa si ya wakili," mkewe alisema.

Asubuhi yake, kabla ya kikao, alikwenda nyumbani kwa Mwenyekiti. Hakutaka kumvizia mbele ya wengine. Sebule ilikuwa safi, saa ya ukutani inasikika, picha za wanafunzi wa zamani zimepangwa mstari mmoja. Binti wa Mwenyekiti, msichana wa miaka ishirini na kidogo, alileta chai, akasema shikamoo bila kuinua macho, akaondoka. Mchungaji aliyaeleza yote aliyoyaona.

Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho. Akachukua Biblia yake, akavaa miwani, akasoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari. Kisha akavua miwani.

"Ni kweli," alisema. "Miaka yote hii nimekuwa nikisoma nusu."

Mchungaji alipumua. Lakini Mwenyekiti aliinuka, akafunga mlango unaoelekea jikoni, akarudi na kukaa karibu naye.

"Ni kweli, lakini usiiseme."

"Mzee?"

"Huyu aliyekuletea chai." Sauti yake ilishuka hadi Mchungaji akalazimika kuinama. "Mwaka jana tulimwahi. Madaktari walisema tungechelewa kidogo tu, tungemzika. Watu tukawaambia ni tumbo. Tangu siku ile namwambia neno moja, kila akinikalia kimya. Ukirudia, namwambia, hakuna kengele, hakuna mchungaji, utalala na wasio na wenyewe, na Mungu mwenyewe atageuza uso. Neno hilo ndilo ukuta wangu, unanielewa? Sina ukuta mwingine. Na wewe leo unataka kuubomoa mbele ya kanisa zima, na yeye amesimama palepale anasikia."

Chai ilikuwa inapoa.

"Kuna daktari anayemwona?" Mchungaji aliuliza.

"Nikamwambie daktari nini? Mimi, mwenyekiti wa kanisa?"

"Mzee wangu, kama laana ingetosha kumzuia mtu, Cheche angekuwa hai. Alikaa benchi la nyuma akisikia yaleyale anayosikia binti yako."

Mwenyekiti alimtazama kwa macho mekundu. "Watoto wako bado wadogo. Wanalia wakichubuka magoti, unawapuliza, wananyamaza. Ngoja wakue." Akasimama. "Mzike mtoto wa yule mama. Lakini binti yangu akinifia, damu yake nitaidai mkononi mwako."

Mchungaji alitembea hadi kanisani roho juu. Njiani alijaribiwa na njia ya katikati: amzike Cheche kimyakimya, kwa sala bila mahubiri, aya ile asiiguse kabisa. Hakuna ambaye angemlaumu.

Kikaoni Mwenyekiti alizungumza wa kwanza. "Niliomba neno, Mchungaji ameleta neno," alisema, "na neno lake ni sahihi. Mimi mazishini sitakuwepo." Akachukua kofia yake, akatoka. Kisha yule mama aliyekuwa muuguzi akauliza nani atagonga kengele.

Watu walikuja wengi kuliko kawaida, wengine kwa upendo, wengine kuona kama kweli litafanyika. Mafundi wa kuchomelea walisimama pamoja, mikono yenye makovu ya moto imefungwa mbele. Mchungaji alipopanda kuhubiri alimwona binti wa Mwenyekiti. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, kajitanda mtandio hadi puani, mgongo ukutani.

Maneno aliyoyaandaa yalikuwa mazuri, na sasa kila moja lilikuwa kama kisu ambacho hajui kitamwangukia nani. Alinywa maji. Watu walianza kukohoa.

"Sitawaambia kwamba kilichotokea ni sawa," alianza. "Si sawa. Mtazameni mama yake, kisha aje mtu aniambie kuna maumivu yaliyokwisha. Hayakwisha. Yamehama tu, yamehamia kwake."

Akafungua Biblia.

"Lakini tangu juzi kuna aya inatembea mitaani kwetu kwa mguu mmoja. Leo nitaipa mguu wake wa pili." Akaisoma yote, tangu amri mpaka laana na kurudi kwenye amri. Akawaeleza habari ya ile Ijumaa na yule aliyekwenda kuomba maiti. "Paulo hakusema laana ni hadithi tu. Alisema yuko aliyeibeba. Mwana wa Mungu alitundikwa mtini, akahesabiwa pamoja na wale tunaoogopa hata kuwagusa. Kwa hiyo mimi siwezi kusimama mbele ya mtu yeyote aliyefia mahali pale nikasema Mungu hajawahi kufika hapo. Amefika. Alishushwa hapo kwa mikono ya watu, akazikwa kabla ya jua kuzama."

Akaifunga Biblia. Hakumtazama yule msichana, ingawa shingo ilimuuma kwa kujizuia.

"Na wewe uliye hai, uliyebeba mzigo kama wa Cheche na hujamwambia mtu. Hukulaaniwa. Usisubiri kufa ili ujue kama tunakupenda. Njoo leo. Njoo hata kama huna la kusema, tutakaa tu."

Makaburini mama yake Cheche alisimama wima mpaka udongo wa kwanza ulipogonga jeneza, hapo wanawake wakamshika. Watu walipoanza kutawanyika alimwita Mchungaji kwa kidole.

"Umesema vizuri," alisema. "Lakini hujaniambia yuko wapi."

Mchungaji alikuwa na majibu kadhaa ya chuoni. Aliyaacha. "Sijui, mama."

"Afadhali." Alijifuta uso kwa kiganja. "Tangu juzi wamekuja kwangu watu wanaojua. Wengine wanajua yuko motoni, wengine wanajua yuko kwa malaika. Nimechoka na wanaojua."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa Mchungaji. Mwenyekiti alikuwa ameacha kuja kanisani, na familia kadhaa zilimfuata. Wakubwa wa kanisa walimwita Mchungaji, wakamwonya kwamba jambo zito kama lile huanzia kwao. Hayo aliyavumilia. Lililomla ni lingine. Kila asubuhi alizunguka njia ndefu ili apite nyuma ya nyumba ya Mwenyekiti, akitazama kamba ya nguo. Akiona gauni la msichana limeanikwa, alikwenda kazini. Siku moja kamba ilikuwa tupu, akasimama pale barabarani kama mwizi mpaka aliposikia sauti yake ikimjibu mtu jikoni.

Ndipo mchana mmoja alipofungua mlango wa ofisi akamkuta msichana huyo amekaa nje, kwenye ngazi.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Siku ile ya mazishi ulikuwa unajua habari zangu."

"Baba yako aliniambia."

"Ndiyo maana hukunitazama. Wote walikuwa wanageuka nyuma kumwona binti wa Mwenyekiti, wewe tu ulikuwa huniangalii." Alitaka kutabasamu, ikashindikana. "Baba anafikiri ni yale maneno yake yamenishika. Kaburi la wasio na wenyewe, Mungu kugeuza uso. Mchungaji, maneno yale hayakunishika. Yalinifunga mdomo. Mawazo yaliporudi, ningemwambiaje? Nikimtazama naona ameshanizika."

"Yamerudi?"

Aliinamisha kichwa. "Yalirudi kabla ya kifo cha Cheche. Cheche alipokufa nikajiambia, mwenzangu ameshafika. Halafu nikamwona mama yake pale makaburini." Alikuwa anavuta uzi kwenye ukingo wa mtandio. "Nataka mtu anisaidie. Ila nimeogopa hata kuvuka barabara kuja hapa."

Mchungaji hakumhubiria. Alimwita mkewe, naye akaja na viatu visivyofanana, wakaenda wote watatu hospitalini mchana uleule, kwenye kliniki ambako yule mzee wa kanisa aliyekuwa muuguzi bado alijulikana. Msichana alikubali baba yake aitwe, kwa sharti moja: atamwambia yeye mwenyewe.

Mwenyekiti alifika akihema, amevaa shati lisilopigwa pasi. Alipomwona Mchungaji kwenye benchi la korido alisimama ghafla, uso ukabadilika rangi.

"Yuko wapi? Umenifanyia nini?"

"Niko hapa, baba," msichana alisema kutoka mlangoni. "Nimekuja kwa daktari. Nimekuja kwa miguu yangu."

Mzee alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, kama anayehakikisha hakuna kilichopungua. Kisha akakaa kwenye benchi, na kofia ikamwanguka.

"Nilikuwa nakulinda," alisema.

"Najua. Ila ulinitisha, baba. Sikuwa na wa kumwambia."

Mzee alijifunika uso kwa viganja. Kwanza binti yake alikaa kando yake bila kumgusa, kisha akaiokota kofia na kuishika mapajani. Mchungaji na mkewe waliondoka polepole, wakawaacha.

Si kwamba mambo yalinyooka. Msichana alianza dawa, na kila wiki alikwenda kuzungumza na mtaalamu. Kuna siku alicheka mezani na kuna siku hakutoka kitandani, na Mwenyekiti alikuwa ameondoa funguo za milango yote ya ndani. Alirudi kanisani lakini uenyekiti aliuacha. Hakumshukuru Mchungaji wala hakumwomba radhi. Walisalimiana kwa heshima, kama watu waliowahi kupata ajali katika gari moja.

Fundi cherehani hakurudi kwenye kwaya. Alisema sauti yake haipandi. Alikuwa ameanza kupokea kazi tena pale Mwenyekiti alipotokea mlangoni kwake. Wateja waliokuwepo ndio waliosimulia baadaye. Mzee alisimama, kofia mkononi, hakukubali kiti.

"Mama, mimi ndiye niliyeikataa kengele."

"Nilisikia," alijibu bila kusimamisha cherehani.

"Na binti yangu..."

"Nalo nimesikia."

Alishona mshono hadi mwisho, akakata uzi kwa meno. Wateja walijifanya wanaangalia vitambaa.

"Mimi sijui kukusamehe leo," alisema. "Labda siku nyingine. Lakini huyo mtoto mlete. Nina vitambaa vingi vya kukata. Mikono ikikaa bure, kichwa kinaongea sana."

Mwenyekiti alisema atamuuliza.

Msichana alikwenda wiki ya kwanza, akaacha, kisha akaenda tena.